Kanisa la Kiria Fotini

“Wanangu, sogezeni viti. Anayekwenda hapazi sauti.”

Mama Dafrosa alikuwa amelazwa sebuleni kwake, Hallonbergen, ughaibuni kwa Waswidi, na madaktari walikwisha kumwambia ukweli. Gladness alitoka Farsta, Ludovic alitoka Hjulsta, vitongoji vya mji huohuo. Ndugu hao hawakuwa wameketi chumba kimoja tangu walipomzika baba yao na kugombea shamba la mama yao la Mandrosi, kule Tanga alikozaliwa.

Shamba hilo ndilo alilotaka kulisema. Aliwasimulia jinsi babu yao, Zénon, alivyotoka Burundi kwenda kukata mkonge kwa Mgiriki aliyeitwa Lambros. Watoto wa manamba, vibarua wa mkonge, walikufa kwa homa, wakafukiwa kando ya mistari ya mkonge. Wawili walikuwa ndugu zake Dafrosa mwenyewe, Anselmi na Verediana. Mke wa Mgiriki, Kiria Fotini, yaani Bibi Fotini kwa Kigiriki, alimwomba mumewe awatengee watoto wale ardhi yenye heshima, naye akakataa. Mwaka uliofuata Fotini akafa katika uzazi, yeye na kichanga chake. Ndipo Lambros alipojenga kikanisa cheupe chenye nguzo nne mbele na paa la pembetatu, kama mahekalu ya kwao, akawazika ubavuni mwake, kisha akawaambia manamba wawalete watoto wao hapo.

“Nilimwona babu yenu akibeba mifupa ya ndugu zangu ndani ya kanga ya mama,” alisema. “Mgiriki alivua kofia, akawapisha njia. Msiba humvua mtu ukubwa, wanangu.”

Serikali ilipotaifisha mashamba, Lambros aliondoka na sanduku moja. Kanisa likawa ghala la mbolea, halafu likawa la popo. Mkonge ukamezwa na vichaka, na kijiji kikamgawia Zénon kipande kile chenye kanisa, maana ni yeye tu aliyekuwa bado akifyeka makaburi. Kutoka kwake kikamfikia Dafrosa.

“Sasa sikilizeni. Shamba gawaneni, au uzeni, sina kinyongo. Ila kanisa na makaburi msimpe mtu. Auzaye kaburi huuza na jina lake.”

Ludovic aliinamisha kichwa, akaanza kusema kwa Kiswidi, kama alivyozoea tangu utotoni kila alipobanwa. Mama akamwomba aseme lugha ya nyumbani.

“Mama, nilikwisha kuuza. Kwa ile hati uliyonisainia ulipougua. Kanisa, wanunuzi wamelibomoa. Nguzo wamezivunja kuwa kokoto.”

Gladness akainuka. Mama akamshika kwa mkono usio na nguvu, akamketisha, halafu akauliza habari za makaburi. Ludovic akajibu kwamba hajui, hakuuliza.

Mama hakulia.

“Basi msinisafirishe kwenda kuzikwa Tanga,” alisema. “Nizikeni hapa hapa, kwenye baridi hii, mwende nyinyi, wote wawili. Mkiyakuta makaburi, yajengeeni ukuta. Msipoyakuta, simameni pale muwaite kwa majina. Kiria Fotini. Anselmi. Verediana.” Akahema. “Ludovic, sikulaani. Na wewe Gladness, usimlaani kwa niaba yangu. Mungu awatangulie... awa...”

Gladness akatega sikio karibu na midomo ya mama yake, asisikie neno wala pumzi. Ludovic alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Wakabaki hivyo, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa mama, bila kutazamana.