Sura Aliyoiandika Lameki Mbwilo, Nikaitoa

Tarehe 30 Juni 2006 Bwana Lameki Mbwilo, karani wa masjala, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne: kumi na sita Njombe, iliyobaki katika kituo chetu cha afya hapa Makambako.

Mwaka 2001 tuliletewa kompyuta mbili na programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila kuomba. Mwongozo wake ulikuwa wa Kiingereza, umeandikwa kwa watu wanaojua tayari. Lameki aliandika wa Kiswahili. Hakupanga amri tu. Alimbuni mgonjwa aitwaye Linus, akamfuata toka mlangoni hadi chumba cha dawa, na wauguzi walisoma hadi mwisho ili wajue kama alipona.

Kila ukurasa aliujaribu kwa Muuguzi Zuena, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Aliketi nyuma yake kimya. Mkono wa Zuena ukisita, alisahihisha kitabu. Palipoandikwa "funga dirisha", Zuena aliinuka akafunga dirisha la ofisi, maana upepo wa Makambako siku hiyo ulikuwa mkali. Tulicheka wiki nzima. Lameki akabadilisha sentensi.

Mimi, katibu wa kituo, ndiye niliyekipunguza kitabu kabla ya kuchapwa. Nilitoa sura ya mwisho, iliyofundisha kuchukua nakala ya kumbukumbu kila Ijumaa. Niliiona ndefu. Lameki alikuja ofisini, akakataa kiti.

"Katibu, zote nyingine toa. Hiyo iache."

Nilimjibu kwamba wafanyakazi watakumbuka wenyewe. Hawakukumbuka.

Machi 2004 radi ilipiga jengo, kompyuta zote mbili zikaungua. Kadi za zamani tulikuwa tumekwisha kuzichoma. Katika wagonjwa mia nne na kumi na wawili wa kifua kikuu, hatukujua tena nani yuko mwezi wa ngapi wa dawa. Lameki aliwatafuta kwa baiskeli, kuanzia kijiji cha Kitandililo hadi cha Yakobi, nyumba kwa nyumba, miezi minne. Aliwapata mia mbili sitini na watatu. Ambrosi, seremala, alikuwa amekwishazikwa. Mjane wake hakupaza sauti.

"Alikuja kwenu," alimwambia Lameki. "Mkamwambia jina lake halimo."

Lameki aliiandika sura ile upya kwa mkono, akaibandika ukutani. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonishinda kubeba.

Mwaka jana uongozi mpya ulileta programu nyingine, iliyofungwa asiruhusiwe mtu kuirekebisha, isiyo na mwongozo wa Kiswahili. Karatasi ya Lameki ilibanduliwa kuta zilipopakwa rangi. Nimeomba mara tatu tuchukue nakala kila wiki. Nimejibiwa kuwa programu hii haiharibiki.

Bwana Lameki anarejea Makete kwenye viazi vyake. Aliniomba nisimsifu, niandike tu yaliyotokea. Asante, kaka. Tunakutakia maisha mema huko, na usiku wa kulala usingizi.