Anwari Begum na Ubeti wa Ghubar

Tarehe 30 Aprili 1996 Anwari Begum anastaafu, baada ya kuiimbia redio yetu hapa Lahore kwa miaka thelathini na minne.

Alikuja akiwa binti mdogo wa baibui jeusi, na mama yake akakaa nje ya studio siku nzima akimkazia macho kila mwanamume aliyepita. Katika majaribio aliimba ghazal, shairi la Kiurdu la kuimbwa, iliyotungwa na Ghubar, mshairi wa Delhi ya zamani sana ambaye jina lake maana yake ni vumbi, na hata kaburi lake halijulikani. Wakubwa waliona amechagua vibaya. Leo ukimtaja Ghubar mjini, watu husikia sauti ya Anwari.

Kazini sote tunamwita Apa, maana ni dada yetu mkubwa. Ana mambo yake. Hagusi kitu kichachu kabla ya kuimba, na Fundi Nazar, mpiga ngoma zake za tabla, anajua hivyo, kwa hiyo hufungua chupa ya achari karibu na pua yake makusudi. Apa humwambia ale tu, ili mikono yenye mafuta iteleze, watu wapate kisingizio cha upigaji wake. Akimtaja marehemu mwalimu wake hushika sikio kwanza, kwa heshima, hata kama ana kikombe cha chai mkononi. Chai imemwagika sana kwa ajili ya yule mzee, na mimi, mhudumu wa studio, ndiye ninayeipangusa.

Binti yangu Mahnur alipokuwa mchanga, nikiwa sina wa kumwachia, alilala kwenye shali ya Apa nyuma ya kinanda. Apa anadai mtoto alilia siku moja tu, siku ambayo Fundi Nazar alikosea mapigo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Apa hakulifanyia mzaha kamwe. Washairi wetu wa zamani hutia jina lao katika ubeti wa mwisho. Redio ina saa zake, na waimbaji wengi wakibanwa na muda huukata huo huo. Watangazaji nao humtaja mwimbaji, mtunzi wakamsahau. Apa akibanwa, hukata ubeti wa katikati.

Mwaka mmoja alikuwa hewani moja kwa moja, na wageni studioni wakanogewa, wakawa wanaomba kila mstari urudiwe. Muda ukaisha. Bwana Tanvir, msimamizi wa vipindi, akampungia mkono nyuma ya kioo anyamaze. Apa akafumba macho, akaimba ubeti wa Ghubar wote, na taarifa ya habari, iliyokuwa na hotuba ya waziri, ikachelewa. Bwana Tanvir aliwaka. Akamuuliza kama ni haki waziri angojeshwe na mtu aliyekufa zamani vile.

“Kaka Tanvir, mimi jina langu mmelitaja mwanzo,” Apa alimjibu. “La Ghubar lina mahali pamoja tu. Nikilipita, nani atamwita?”

Aliondolewa hewani msimu mzima. Aliporudishwa, aliimba ghazal ile ile, bila kuikata.

Tangu mwaka jana sauti yake imeanza kuchoka. Jina la Ghubar linakaa pale wimbo unapopanda, na mazoezini lilimkatikia kila mara. Fundi Nazar alimwomba waanzie sauti ya chini zaidi. Walijaribu, bado sauti haikulifikia jina. Sisi wengine tukamwambia aage kwa ghazal nyingine nyepesi, hakuna atakayemlaumu. Alisema akiondoka bila kumwita Ghubar atakuwa hajaaga.

Basi Alhamisi iliyopita akaaga hewani, na ghazal hiyo hiyo. Beti za mwanzo alizichukua polepole, watu wakiitikia wah, wah, kwa kumsifu. Kisha akafika:

Njia yenu ikipita hapa, punguzeni mwendo kidogo,
aliyelala chini ya nyayo zenu ni...

Sauti ikakauka. Vidole vikaendelea kwenye kinanda. Akarudia mstari, ikakauka tena palepale. Wasikilizaji wa ghazal wakishajua mstari unakokwenda huumalizia pamoja na mwimbaji. Safari hii waliumaliza bila yeye. “Ghubar,” wakaimba wageni, akaimba Fundi Nazar, nikaimba mimi mlangoni na Mahnur mgongoni. Na kwenye kipaza sauti cha nyuma ya kioo tukamsikia Bwana Tanvir, ambaye hajui kuimba hata kidogo, akiimba “ni Ghubar, ni Ghubar,” wakati msoma habari amekwisha kukaa na karatasi zake, anangoja.

Apa, asante kwa sauti yako na kwa wazee uliotutunzia. Mungu akupe afya, nyumba yenye vicheko na siku nyingi za raha. Pumzika bila wasiwasi. Ghubar tutamwita sisi.