Isale la Nesi Elinipendo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wekeni vyombo chini kidogo, tukae na mtu mmoja. Leo tunamkumbuka Nesi Elinipendo wa Mwika, aliyezikwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwa mumewe, kando ya migomba aliyoipalilia mwenyewe.

Nesi Elinipendo alikuwa wa zahanati ya hapo Mwika. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini ukikwepa sindano anakufuata mpaka kwako, anakunywa chai yako, halafu anakuchoma. Najua baadhi yenu mnacheka, maana yamewakuta.

Turudi mwaka 1974. Ilikuwa siku ya soko, masika, na lori lililojaa watu liliteleza likapinduka karibu na zahanati. Gari la kuwapeleka hospitali mjini Moshi lilikuwa moja tu, Landrova ya ushirika. Gari moja, majeruhi wengi. Nani atangulie?

Watu walishaamua. Kwetu mkubwa hutangulia, kwenye nyama na hata kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Basi walimpakia kwanza Mzee Eliufoo, aliyevunjika mguu na aliyekuwa akilia kwa maumivu. Mzee Eliufoo ndiye baba mkwe wa Nesi Elinipendo.

Nesi alipita kwa kila majeruhi, akishika mkono, akisikiliza pumzi. Alichuma majani ya masale, ile mimea tunayopanda kwenye mpaka wa shamba, akawa anawafunga mkononi wale wa kuondoka kwanza. Pembeni alikaa binti aitwaye Beatrice, kimya, midomo imempauka. Jeraha la kuonekana hakuwa nalo. Damu ilikuwa inavuja ndani ya tumbo. Nesi akamfunga jani, kisha akaenda kwenye gari.

"Shikamoo, baba," alisema. "Naomba wakushushe. Wewe unalia, pumzi unayo. Yule hana hata ya kulia."

Mzee akashushwa mbele ya watu. Beatrice alipona, na leo ni mama wa watoto. Mguu wa mzee ulingoja gari lirudi. Uliunga vibaya, na mpaka leo anatembelea fimbo. Ukoo ulisema mengi juu ya mkwe huyo, na yote yalimfikia.

Mzee aliporudi nyumbani, Elinipendo alimpelekea shina la isale, mmea uleule wa mpakani. Wachagga mnajua: anayekuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumkataa.

"Nililipokea," Mzee Eliufoo aliniambia. "Lakini neno la kusamehe halikunitoka. Nilikuwa na hasira, nisikudanganye. Nikalipanda nyuma ya zizi, mahali nilipodhani hapiti mtu. Kiangazi kikaja, nikakuta udongo umelowa. Kila nikienda, umelowa. Sikumwuliza, naye hakusema. Tukaishi hivyo."

Waliishi hivyo miaka yote, wasikilizaji wapendwa. Mimi jambo hili limenishika moyo.

Tunampa pole mume wake, watoto, ukoo mzima, na wote aliowahi kuwashika mkono. Nasi tujiulize jioni hii: nyumbani kwetu, nani amenyamaza, na tumempita kwa sababu halii?

Juzi nilipita kutoa pole. Mzee Eliufoo amekata tawi la lile isale na kulipanda kaburini. Nilimkuta anakwenda huko, fimbo mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili. Nikataka kumpokea ile ndoo.

"Acha," aliniambia. "Sasa ni zamu yangu."