Rada na Ndege Aliyoikosa

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi limeegemea ukuta, na ukuta nao umewaegemea wanaolikalia, maana bila wao ungeshalala chini zamani. Ng'ambo ya barabara kuna uzio wa kambi ya jeshi la anga, mrefu hivi kwamba kunguru akitaka kuuvuka anapumzika katikati. Ndege huzioni zikiruka, unazisikia tu. Ndiyo maana fundi wa mashine ya kusaga unga akaitwa Rada: miaka kumi na moja anafumba macho, anasikiliza, anataja ni ndege gani, na hajakosea hata siku moja. Ila ana siri ambayo hata mkewe hajui. Tangu miezi mitatu iliyopita, masikio yamemgomea. Mashine imeyatafuna. Ndege kubwa bado anazipata, zinampiga kifuani. Zile ndogo zenye sauti nyembamba zinampita kama umbea wa mtaa wa pili. Na benchi likijua, atabaki kuwa nani? Msaga unga tu.

— Nina swali la kisayansi, — alianza Kinyozi, wembe mkononi, mteja hana. — Ndege ya vita na kivuli chake, nani anatangulia kufika?

— Ndege! — akadakia Sindano, yule fundi cherehani. — Tena rubani akitua hatoki getini mpaka kivuli kifike. Binamu yangu alikuwa mpishi mle ndani. Siku moja vivuli viwili vilichelewa mpaka chai ya jioni.

— Hiyo ndogo. Mimi nimemnyoa rubani. Nywele zote zimelala nyuma kwa ile spidi. Nikizichana mbele, zinarudi zenyewe. Nilivunja vitana vitatu!

— Sasa unaelewa kwa nini suruali zao hazina mifuko ya nyuma? Mfuko ukijaa upepo, ndege inakwenda na suruali, mwenyewe anaachwa hewani.

— Shemeji Rada, hebu waambie ukweli hawa, — alisema dada wa kahawa, akimimina.

Rada alikuwa akiwatazama midomo. Akaweka kikombe chini.

— Nyie mnadhani ndege ya vita inapenda kuruka. Ile ya abiria ukiiachia kidogo inajiendea, kama punda anayejua kwao. Hizi za vita nyingi zimeundwa makusudi zisitulie. Kompyuta ikiacha kuishika shati hata kidogo, imepinduka.

— Sasa kwa nini waunde kitu kinachotaka kuanguka?

— Kinageuka upesi. Ile iliyotulia, ukiitaka igeuke lazima uibembeleze kwanza.

— Basi hiyo ni baba mkwe wangu, — alisema Kinyozi.

Kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Rada akafumba macho, akainua kidole.

— Ya mizigo. Injini nne, za pangaboi. Leo imeshiba, inajivuta.

— Mtu huyu si binadamu! — Sindano akapiga makofi. Kifuani mwa Rada ngurumo ikayeyuka taratibu.

Wakati huo alikuwa amesimama mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, mwanamke aliyerukiwa na rangi ya kupaka ukuta hadi kwenye nyusi, akingoja kahawa yake. Akatazama juu.

— Samahani, kaka. Na hii je, ni ndege gani?

Rada akatazama juu. Mawingu matupu. Akaona videvu vyote vimeinuka, kwake kimya kama ndani ya gunia la unga. Angetaja yoyote, wangemshangilia. Benchi hili ungeliambia ni jogoo lingekubali. Na Rada ni muongo wa kutosha: amewahi kuapa kwamba alishika kambare mrefu kuliko mlango. Ila ndege hajawahi kuisingizia.

— Sijaisikia.

— Acha utani, bwana.

— Sisikii, Kinyozi. Hizi ndogo. Miezi mitatu sasa. Mashine imenimaliza.

Sindano, ambaye hata usingizini hubishana, akainamisha kichwa.

— Bado ipo, shemeji, — alisema dada wa kahawa, pole pole, akimgeuzia uso ili amwone mdomo. — Inazunguka.

— Inaliaje?

— Kama mafuta yanayokaanga.

— Kukaanga wapi! — Sindano akafufuka. — Hiyo ni cherehani juu ya turubai.

— Nyuki kwenye kopo! — alisema Kinyozi.

— Ni sauti moja, — Rada aliuliza, — au ni mbili zinazofukuzana?

Wakatazamana. Mpangaji akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Sindano. Miaka kumi na moja wenyeji wa benchi wamekaa chini ya ndege hizi, na hakuna aliyewahi kusikiliza hata moja. Walimsikiliza Rada.

Dada wa kahawa akazima jiko lisichachatike. Sindano akavua kofia. Kinyozi akaweka wembe chini, akakinga kiganja nyuma ya sikio, akafumba macho, na Rada akasogea mbele kumtazama uso.

— Subiri, — alinong'ona Kinyozi. — Subiri kidogo, kaka. Usiniharakishe.