Kijiko cha Kwanza Hunywa Mganga

Mugonile, ndugu zangu waganga. Mmeniomba nisimame mbele ya kikundi nieleze nilivyopofuka, kisha nimsamehe aliyenifanyia hivi, maana yumo humu na anasema hapati usingizi. Pole yake. Jina silitaji. Kaa tu, baba, usitoke.

Mnajua nilikuwa nikilowesha magome ya mwarobaini kwenye spiriti. Maji hutoa uchungu kidogo tu, lakini spiriti huvuta dawa yote na haiozi upesi. Huyu bwana ndiye aliyekuwa akiniletea madumu ya spiriti safi, ile inayonyweka. Siku moja ikamwishia, akanijazia ya mafundi seremala, ya kung'arishia makabati. Hakuniambia neno.

Na desturi yetu mnaijua: mgonjwa hapokei dawa mpaka mganga aonje mbele yake. Wenzangu mnagusisha ulimi, mnamaliza. Mimi na maringo yangu nilikunywa kijiko kizima. Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa siku ya soko pale Kyimo, na kila mteja aliyekuja nilimnywea kijiko chake. Wao wakaondoka na vichupa. Mimi nikaondoka na tumbo linalokata.

Kulipokucha nikamuuliza mume wangu mbona hafungui dirisha. Akasema, "Liko wazi." Hospitali wakasema spiriti ya seremala ni sumu inayoua macho, na nimechelewa. Mume akavumilia kidogo, kisha akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Sikuoa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni." Akafungasha. Watoto wa jirani wakawa wanapita wakiita, "Mganga, jitibu!" na mama zao wanacheka ndani. Baadhi yenu mama hao mko hapa. Masikio yangu yalikuwa mazima.

Aliyebaki ni wifi yangu. Asubuhi ileile nilipopofuka alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya vile vichupa kabla watu hawajavinywa, akaitwa mchawi. Mume alipoondoka, akanikuta nimegeukia ukuta, nangoja kufa. Akanitupia magome usoni: "Macho ndiyo yamekufa, pua unayo. La mwarobaini ni lipi?" Nikanusa, nikalitoa. Akanitupia mengine. Nililia kwa hasira, lakini nililia nimekaa kitako. Kesho yake nikaomba mtungi na kitambaa cha kuchujia.

Wifi, ndaga fijo, asante sana. Nanyi mlionirudishia nafasi yangu sokoni, asanteni. Funzo langu ni fupi: spiriti usiyojua ilikotoka usiiloweshee dawa ya kunywa, hata ikiletwa na rafiki.

Sasa huo msamaha. Bado nanunua kwake. Akileta dumu analifungua mwenyewe, anakunywa kijiko kizima mbele yangu, nami nimemwekea vidole juu ya koo mpaka nisikie kimeshuka. Kisha namkalisha kwangu mpaka kesho yake, namuuliza kama anaona. Kama huo ndio msamaha, basi nimemsamehe.