Sisi Wazimu, Wao Walirogwa

Wazee wote humu ndani, shikamooni. Wenzangu, poleni na jua. Nimeombwa nitoe ushuhuda mtamu. Mtamu sina. Nina huu wenye pilipili, na wengine wenu utawawasha.

Mnanifahamu: muuza kabichi wa sokoni, mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti kinachong'aa kuliko bati la kanisa hili. Mnafahamu pia kwamba niliugua akili, maana benchi nililokalia mlilihama wote kama lina siafu.

Masika ile mvua ilishusha shamba letu la Mgeta, kabichi zikaenda kuogelea mtoni. Mama yangu akafariki. Mume wangu akapunguzwa kazi kiwandani. Na mimi nina mimba inayofika mlangoni kabla yangu! Nilipojifungua, usingizi ukahama nyumba. Nikawa naisikia redio ikinitaja jina, nayo imezimwa. Asubuhi moja nikabeba ndoo na sabuni, nikaanza kupanda kwenda kuuosha mlima wa Uluguru wote. Mnacheka? Chekeni. Siku ile mlinirekodi kwa simu.

Nikalazwa, nikatibiwa, nikarudi na dawa alizozichagua daktari akijua nanyonyesha. Nikadhani yameisha. Kumbe mama mkwe amekuja kutoka Ngerengere na kanga mpya ya kumbebea mtoto.

"Mjukuu wangu hanyonyi wazimu," akasema. "Bibi yako mzaa mama aliongea na mawe. Mdogo wake alitembea uchi. Hiyo damu yenu. Naondoka naye."

"Mama, huyu bado ananyonya."

"Atakunywa la kopo."

Mume wangu akaangalia dari. Ndugu zangu, nawaambia, dari ile haijaangaliwa vile tangu fundi aipigilie.

Nikamwomba mama jambo moja: twende wote kliniki. Daktari akisema mtoto aondoke, nitamfunga kanga mgongoni kwake kwa mikono yangu. Akakubali upesi, maana alijiona ameshashinda.

Daktari akauliza kama kwenye familia kuna wengine waliougua hivi. Mama mkwe akajibu badala yangu, akawataja ndugu zangu kama mwalimu anayeita mahudhurio. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, na hata mimi na cheti changu sikuwaza kwingine.

"Na upande wa baba wa mtoto?"

Mume wangu, aliyekuwa akiiangalia dari ya hospitali nayo, akaiacha. "Yupo baba mdogo, Kisaki. Alikuwa anakwenda relini kugombana na treni. Anasema inamtukana."

"Yule alirogwa!" mama mkwe akaruka.

Nilicheka hadi wagonjwa wa wodi ya pili wakapata nafuu. "Kumbe! Sisi wazimu, ninyi mmerogwa!"

Daktari hakucheka. Akasema jeni mtoto huzipokea kwa baba na kwa mama, na kuzipokea siyo kuugua. Wengi wanazo na hawaugui kamwe. Mara nyingi mizigo ya maisha ndiyo inayouamsha ugonjwa. "Sasa bibi, utampeleka wapi ambako damu hiyo haipo?"

Haya ya jeni mwalimu wa jioni alitufundisha kwa maharage ya rangi mbili, moja la baba, moja la mama, nikapata vema, ila sikujua ninazungumziwa mimi. Siku ile nikaelewa. Mteremko wa shamba la Mgeta nimeurithi, sikuuchimba. Lakini mteremko peke yake haukushusha kabichi, ilikuja mvua. Na jirani aliyekata matuta ya ngazi, shamba lake lipo mpaka leo. Basi nami najikatia matuta: dawa, kliniki, usingizi.

Namshukuru daktari. Namshukuru mume wangu kwa kufungua mdomo, ingawa alichelewa kama treni. Ninyi wa simu na benchi siwashukuru. Mkimwona mtu anakwenda kuosha mlima, mpokeeni ndoo, mshikeni mkono, mpelekeni hospitali. Na kabla hujahesabu wazimu wa wenzako, kaulize kwenu nani alirogwa.

Aliyekuja na kanga namshukuru nusu mdomo. Hatujapendana. Lakini hakurudi Ngerengere. Kila alasiri anambeba mtoto kwa kanga ileile ili mimi nilale. Yupo pale nyuma, amenuna.

Mama, mlete mtoto. Anataka kunyonya.