Kazi Sitini na Mbili Alizoziacha Tupu Mwalimu Tu Chih-hung

Marehemu Mwalimu Tu Chih-hung alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 mjini Puzi, wilaya ya Chiayi, mtoto wa pili wa fundi cherehani Tu Tien-fu. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake mkubwa, Su-chen, ambaye aliombwa aulainishe kidogo. Amekataa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Puzi, kisha akasomea umeme Tainan na kuhitimu mwaka 1991. Ukimuuliza swali, naye anakuuliza. Tarehe 8 Novemba 1998 alimwoa Lai Pei-shan, ambaye siku moja alimuuliza akiwa jikoni, "Baba Yi-ting, chumvi iko wapi?" Akajibu, "Mpaka sasa umetafuta wapi?" Alichapwa kitambaa cha vyombo, na chumvi akaitafuta mwenyewe.

Alifanya kazi kiwandani miaka mingi, na mwaka 2011 akaajiriwa na chuo kimoja cha ufundi Chiayi kuwafundisha kompyuta watu waliopunguzwa kazini. Huko alijenga maktaba ndogo ya mazoezi kwa lugha ya JavaScript: kazi sitini na mbili, kama vile kugeuza orodha nyuma mbele, kuondoa yanayojirudia, kuhesabu maneno. Kila kazi ilikuwa na jina, maelezo na kipimo chake, lakini ndani aliiacha tupu makusudi. Mwanafunzi alianza na skrini nyekundu, rangi ya kipimo ambacho hakijafaulu, akajaza, na kipimo kimoja kimoja kikageuka kijani. Akimaliza zote aliandika jina lake kwenye faili la mwisho, akafuta majibu yake, akamwachia mwenzake tupu. Majina yalifika 1,140.

Tarehe 9 Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Marehemu akiwa wodini, mkurugenzi mpya wa chuo aliifungua maktaba, akaona nyekundu kila mahali, akasema imeharibika! Hakumuuliza mtu. Aliamuru ijazwe yote, na faili la majina likafutwa kama takataka. Tarehe 17 Juni chuo kikatangaza kwa mbwembwe kwamba maktaba "imekamilishwa". Jamani! Unamlia mtu chakula chake, halafu unajisifu kuwa umemsaidia kutafuna? Tangu hapo wanafunzi wananakili majibu na kupewa vyeti.

Su-chen alikwenda ofisini. "Mkurugenzi, irudishe ilivyokuwa."

"Mama yangu, wageni wa wizara wakikuta nyekundu tupu, nitauweka wapi uso wangu?"

"Kwani uso wako ndio uliokuja kusoma hapa?"

Alionyeshwa mlango.

Mwanafunzi wa marehemu, Pan Yu-mei, miaka hamsini na minane, aliyeshona miavuli kiwandani miaka thelathini na kuhangaika wiki saba na ile kazi ya kugeuza orodha, alikuwa na nakala ya zamani. Aliipeleka hospitalini.

"Mwalimu, maktaba yako ninayo. Tupu kabisa, na majina yote yamo."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na chuoni je?"

Kila siku marehemu aliuliza hivyo hivyo, hadi alipofariki tarehe 3 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jana mkurugenzi alimpigia Su-chen simu: malalamiko yakiondolewa kwenye wasifu, maktaba itarudishwa. Su-chen akamjibu, "Rudisha kwanza, nakala Yu-mei anayo. Ikirudi, nayafuta kwa mkono wangu." Asubuhi ya leo ameitazama. Imejaa vilevile. Mkurugenzi ameketi safu ya pili, amesikia kila neno.

Marehemu ameacha mama, Tu-Kuo A-hsiu; mjane, Pei-shan; binti, Yi-ting; dada, Su-chen; na wanafunzi 1,140 ambao majina yao yamechapishwa yote nyuma ya ratiba hii ya mazishi, yasifutike tena.

Chih-hung, pumzika wewe kwa amani. Sisi kesho asubuhi tutakuwa mlangoni kwa mkurugenzi.